Mgonjwa Aliyeanguka Ngazini

Karakana ya viungo bandia ya hospitali ile ilikuwa na mafundi wanne. Watatu walipima kigutu mara moja wakaendelea na kazi. Wa nne, mwanamke pekee kati yao, alipima, akaandika, akafuta, akapima tena, na kabla ya kufunga plasta alipima kwa mara ya tatu. Wakamwita Kipimo, kwa utani mwanzoni, kisha jina likamganda hata mumewe akawa analitumia siku za furaha.

Kigutu ndiyo sehemu ya mguu inayobaki baada ya kukatwa. Kazi ya Kipimo ilikuwa kukivisha bendeji zenye plasta, kuchukua umbo lake, kisha kuunda kikombe cha plastiki cha kukipokea. Kikombe hicho kikikosewa kwa unene wa ukucha tu, mwenye mguu atalia kila hatua. Miaka kumi na tisa aliifanya kazi hiyo. Vidole vyake vilikuwa vigumu kama kamba, na hakuna nguo yake iliyokosa unga mweupe mahali fulani, hata zile za kuendea harusini.

Mumewe alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya sekondari, mtu wa watu. Hanywi, hana nyumba ndogo, sauti hapandishi. Mzazi akigombana na mwanawe, watapelekwa kwa Mwalimu. Wanandoa wakinuniana, watapelekwa kwa Mwalimu, naye atawakalisha, atavua miwani, atasema maneno mpaka watoke wameshikana mikono. Ungeuliza mtaa mzima ni nani aliyepata mume, wangekuonyesha mlango wa Kipimo bila kufikiri mara mbili.

Basi mama yake Mwalimu akateleza bafuni akavunjika nyonga. Akaletwa kwao. Kipimo akaomba likizo ya miezi mitatu bila malipo ili amuuguze mkwewe, na alimuuguza si kwa mdomo. Alimgeuza, akamwogesha, akamfundisha kusimama upya, na nani angeijua kazi hiyo kuliko yeye? Mwezi wa pili haujaisha, bibi yule alikuwa anakwenda chooni mwenyewe kwa fimbo na kulalamika kwamba mboga haina chumvi.

Wiki ya mwisho ya likizo, Mwalimu alirudi nyumbani mchana na uso wa msiba. Akamkalisha mkewe sebuleni, akamshika mikono yote miwili.

"Nimepita hospitali," alisema. "Mke wangu, hata sijui nianzie wapi."

Alianzia kwa mgonjwa. Kuna mwanaume, alisema, ambaye Kipimo alimtengenezea mguu kabla hajaenda likizo. Mtu huyo ameanguka ngazini. Mguu ulimchomoka, akaporomoka ngazi nzima, na sasa amelala, hasimami tena. Ndugu zake wamelalamika. Wakuu wa hospitali hawataki kelele, wameshampa mtu mwingine nafasi ya Kipimo ili mambo yafe kimya kimya.

"Nimewasihi," alisema Mwalimu. "Nimewapigia magoti, mimi na utu uzima wangu. Wamesema ukikanyaga pale, watalifikisha polisi."

"Ni nani?" Kipimo aliuliza. "Yule dereva wa lori? Au yule mzee wa mguu wa kulia?"

"Hawakunitajia jina."

Kipimo alilia siku ile, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Mwalimu alimbembeleza. Alimfuta machozi kwa leso yake mwenyewe, akamwambia binadamu hukosea, akamwambia yeye hatamwacha kwa kosa moja. Na Kipimo akamshukuru.

Miaka miwili na miezi minne alikaa nyumbani. Alipika, akapokea wageni wa shule, akashona mapazia ya ofisi ya mumewe. Wageni wakiuliza, Mwalimu alisema, "Mke wangu ameamua kupumzika," naye Kipimo aliinamisha kichwa kwa aibu na shukrani kwa jinsi alivyostiriwa. Lakini mikono ikiwa kwenye unga au kwenye sabuni, kichwa kilirudi karakana. Aliwapitia wagonjwa wake mmoja mmoja. Dereva wa lori: alimpima mara tatu, ana hakika. Mzee wa mguu wa kulia: je, kigutu kilikuwa kimevimba siku ile? Fundi cherehani mwenye haraka: alimwachia aondoke mapema? Kila mmoja alimwangusha ngazini kichwani mwake, akamwinua, akamwangusha tena. Sokoni alikwepa watu wanaochechemea.

Mama mkwe alipotakiwa kurudi hospitali kupimwa nyonga, kwa kawaida Mwalimu ndiye aliyempeleka. Safari ile wakaguzi walikuwa wamevamia shule, hapakuwa na ujanja. Kipimo akajitanda mtandio mpaka puani, akamshika bibi mkono, wakakaa kwenye benchi la kusubiri mpaka bibi akaitwa ndani, naye akabaki akiangalia sakafu.

Viatu vikasimama mbele yake. Viatu vyenye madoa ya gundi.

"Kipimo? Ni wewe umejifunga kama mwizi wa kuku?"

Alikuwa mkuu wa karakana, mzee ambaye mafundi wote walimwita Gundi, na kwapani alibana mguu wa mpira ambao bado haujapata mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," alisema Kipimo kwa sauti ndogo. "Nakuomba usinipigie kelele. Nimemleta mama tu, tunaondoka sasa hivi."

"Marahaba. Nikupigie kelele ya nini? Ingawa umetuudhi, mwanangu, sitaficha. Miaka kumi na tisa halafu unaacha kazi kwa barua, hata kwaheri ya mdomo huna?"

Kipimo alimtazama. "Mlinifukuza."

"Tukufukuze sisi? Nilikuandikia mara mbili, kwa anwani ya shule ya mumeo, kukuomba ubadili nia. Majibu yalikuja. Umetafakari kwa kina, sijui, na umeridhika na uamuzi wako."

"Na yule mgonjwa?"

"Mgonjwa gani?"

"Aliyeanguka ngazini. Aliyechomokwa na mguu. Wa kwangu."

Gundi aliushusha mguu wa mpira kutoka kwapani, akaushika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto asiyemfahamu. "Kipimo," alisema polepole, "hakuna mguu wako hata mmoja uliowahi kumwangusha mtu. Nani amekuambia hayo?"

Jalada lake lilikuwa bado kabatini kule karakana. Barua zilikuwa mbili, ya kuacha kazi na ya kumjibu Gundi, zimechapwa vizuri, zina aya zilizonyooka. *Kwa heshima na taadhima.* *Nimetafakari kwa kina.* *Mama mkwe wangu hawezi kusimama wala kujilisha, na dhamiri hainiruhusu kumwacha.* Chini, saini yake, ambayo hakuitia yeye. Kipimo hakuhitaji kuuliza. Katika maisha yake hajawahi kutafakari kwa kina. Yeye hufikiri, basi. Lakini sentensi hizo alizisikia kila mahafali, kila mkutano wa wazazi, na mezani kwake.

Alikaa kwenye kiti cha kupimia wagonjwa. Alidhani atalia, machozi hayakuja. Kilichokuja ni hasira, kama maji ya chungu yanayotaka kusukuma kifuniko. Si kazi tu. Kazi ni kazi, hupotea. Lakini miaka miwili na ushei alikuwa ameamini kwamba mikono yake imemlemaza mtu. Alikuwa akiiangalia mikono hii anapooga, akaichukia.

Mwalimu aliporudi saa kumi, alimkuta mkewe amesimama katikati ya sebule.

"Umeniandikia barua ya kuacha kazi," alisema Kipimo.

Mwalimu aliweka mkoba chini, akavua miwani. "Usipandishe sauti. Mama anasikia."

"Na asikie!"

"Nilitaka nyumba yangu iwe nyumba," alisema, kwa ile sauti yake ya kusuluhisha. "Ulikuwa unarudi umechoka, unanuka plasta, wageni wanakuja hakuna mtu. Ilipotokea ile likizo, nikaona tunavyoishi vizuri. Hebu niambie kweli: kama ningekuomba uache kazi, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Unaona?" alisema Mwalimu, na akatandaza viganja kama mtu aliyemaliza kufundisha hesabu ngumu.

Kipimo alijikuta ameshika mgongo wa kiti. "Na yule mtu wa ngazini?"

"Mtu gani?"

Akaona kwamba hamdanganyi. Alikuwa amesahau. Mtu ambaye Kipimo alikaa naye kichwani miaka miwili, akala naye, akalala naye, mumewe alikuwa amemtunga mchana mmoja na jioni yake akamsahau.

Asubuhi yake alifunga nguo kwenye mabegi mawili akaenda kwa shangazi yake, dada wa baba yake, mwanamke aliyewazika waume wawili na kugombana na wa tatu mpaka leo.

"Amekupiga?" aliuliza shangazi, kabla hata mabegi hayajatua, ingawa habari yote alishaambiwa kwa simu usiku.

"Hapana, shangazi."

"Ana mwanamke?"

"Hana."

"Amekunyima chakula? Amekufungia nje?" Shangazi alikuna kichwa. "Wenzako wanafungiwa nje kwenye mvua, wewe umefungiwa ndani kwenye makochi, unakuja kulia kwangu?"

"Amenidanganya kwamba nimeua mtu!"

"Si kuua, umesema kalemaa."

"Shangazi!"

"Haya, haya. Laza kichwa. Lakini watu watauliza, mwanangu, na mimi sina cha kuwajibu. Mwanaume mbaya anajulikana. Huyu wako ananipigia simu kila sikukuu."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Angekuwa na jicho lililovimba, angepita mtaani bila kueleza. Sasa alitakiwa afumue habari yote kwa kila mlango, na mwisho wa habari mtu aseme, kumbe ni barua tu?

Mahakamani dirisha la mashauri ya ndoa lilikuwa na karani mmoja na foleni ya watu kumi na moja. Zamu yake ilipofika, karani hakuinua macho.

"Talaka?"

"Kutengana."

Karani akainua macho. "Dada, watu wakifika hapa ama wanataka talaka ama wanataka kutishia. Kutengana ni nusu mkate. Kama humtaki, mwache. Kama unamtaka, rudi nyumbani."

"Kwani sheria haina kutengana?"

"Ipo."

"Basi nipe fomu ya kitu kilichopo." Kipimo alivuta pumzi. "Talaka nitaiamua mwenyewe, siku nitakayotaka, kichwa kikiwa kimetulia. Nimechoka kufanyiwa maamuzi haraka haraka. Leo nataka mahakama iseme kwamba silazimiki kukaa na huyu mtu chini ya paa moja, na kwamba hana ruhusa ya kuniandikia wala kunisemea. Ni hilo tu."

Karani akasukuma fomu. Palipoandikwa sababu palikuwa na visanduku: kipigo, uzinzi, kutelekezwa, ulevi. Cha mwisho kiliandikwa *nyingine* na mbele yake mstari mmoja, mrefu kama kidole.

"Hapa haitatosha," alisema Kipimo.

"Andika kwa kifupi. Andika 'kutoelewana'."

"Tulielewana sana! Alinielewa mpaka akajua pa kunichoma. Nipe karatasi."

Mtu nyuma yake akaguna kwamba foleni inakwenda. Kipimo akageuka akamwambia kuwa yeye amengoja miaka miwili, na mwenzake dakika tano hazitamuua. Karani alimpa karatasi tatu. Alizijaza zote, mbele na nyuma, amesimama, zikiwa juu ya kizingiti cha dirisha, na karani alipozisoma ili azigonge muhuri, alisoma ukurasa wa pili mara mbili. Kisha akaandika tarehe ya karibu kuliko alizowapa wengine.

Siku ya shauri Mwalimu alikuja amevaa suti, na walimu watatu nyuma yake, na mama yake amemshika mkono. Alimleta mama yake kama mtu anavyovaa tai, kwa pambo: awe shahidi wa jinsi nyumba ilivyokuwa na upendo. Upande wa Kipimo walikuwapo shangazi, aliyekuja kwa kunung'unika, na barua ya mzee Gundi iliyosema kwamba hospitali haijawahi kupokea lalamiko lolote juu ya kazi ya fundi huyu.

Mwalimu alisema vizuri. Lo, alisema vizuri! Hakukana barua. Alisema aliziandika yeye, ndiyo, kwa idhini ya mkewe, kwa sababu mkewe alikuwa amelemewa na uuguzi na hakuwa na nguvu hata ya kushika kalamu. Habari za mgonjwa wa ngazini hazijui. Pengine ni ndoto za mtu aliyechoka. Mke wake si mbaya, alisema, ni mtu anayehitaji mapumziko na ushauri, na yeye yuko tayari kumpokea hata leo. Walimu watatu waliitikia kwa vichwa. Kipimo alihisi chumba kinainama kuelekea kwa mumewe, kama vyumba vyote vilivyokuwa vikifanya siku zote. Shangazi mwenyewe alianza kulegea.

"Ninyi mnamsikiliza sauti!" Kipimo alilipuka. "Msikilizeni maneno! Ndoto? Mimi niliota nimefukuzwa kazi miaka miwili?"

"Kaa chini, mama, utapewa nafasi," alisema hakimu, mwanamke wa makamo mwenye mafua. Akachukua barua ya kwanza, akaisoma kwa sauti, tarehe, heshima na taadhima, mpaka akafika mahali penyewe. "'Mama mkwe wangu hawezi kusimama wala kujilisha...'"

"Nani hawezi kujilisha?"

Sauti ilitoka benchi la nyuma. Fimbo iligonga sakafu, na mama yake Mwalimu akasimama bila kusaidiwa na mtu.

"Mama," alisema Mwalimu.

"Soma tena tarehe hiyo, hakimu. Mwezi ule? Mwezi ule mimi nilikwenda harusini! Nilicheza kwa fimbo, picha ziko nyumbani! Mpaka leo hii sijawahi kulishwa na mtu tangu mama yangu aniachishe ziwa!"

"Mama, tafadhali kaa—"

"Usinikalishe! Nilivunjika nyonga, sikuvunjika kichwa." "Ndoto, unasema? Ukuta wa chumba changu ni mbao. Nilikusikia kwa masikio yangu unamwambia huyu binti kuna mtu ameanguka ngazini. Nikamsikia anavyolia. Mimi nikaamini, kwa kuwa mwanangu hasemi uongo. Nikamwombea yule mtu, hakimu. Kila alfajiri, miaka miwili, nimemwombea mtu asimame. Magoti yangu haya mabovu! Kumbe nilikuwa namwombea hewa!"

Hakuna aliyecheka, ingawa mwalimu mmoja aliangalia dari. Bibi alimgeukia mwanawe kabisa.

"Ukataka kumfunga mkeo, ukanifanya mimi kamba. Mimi! Aliyenisimamisha kwa mikono yake wakati wewe unaogopa hata kuninawisha miguu."

Hakimu alipenga kamasi. "Mwalimu," alisema, "mgonjwa huyu alikuwapo?"

Mwalimu alivua miwani. Kipimo alimwona anatafuta, akipekua kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mifuko yote. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, mumewe hakupata sentensi.

"Hakuwapo," alisema mwisho.

Amri ilitoka siku ileile. Watatengana; Kipimo halazimiki kurudi wala kuishi na mumewe; mumewe hana ruhusa ya kuandika, kusaini wala kuzungumza mahali popote kwa niaba yake. Suala la kughushi saini, hakimu alisema, ni la polisi, na mwenye saini ndiye atakayeamua kulipeleka au kutolipeleka. Kisha akaongeza, labda kwa mazoea, kwamba muda wa kutengana wengine hutumia kujirekebisha na kurudiana.

"Mheshimiwa," alisema Kipimo, "hilo mwambie yeye. Mimi sina cha kurekebisha."

Hakimu akafunga jalada.

Nje, shangazi alimkamata mkono. "Kumbe ni mbaya," alisema. "Tena ni mbaya kuliko yule wangu wa pili. Yule angalau alikuwa anapiga kelele, unajua yuko wapi."

Kazi alirudishiwa, si ile. Nafasi yake ilishachukuliwa na kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuchanganya plasta, na mzee Gundi, kwa uso wa kuomba radhi, aliweza kumpatia ufundi msaidizi tu, kwa mkataba wa mwaka. Kwa hiyo mtu mwenye miaka kumi na tisa ya ujuzi alirudi kukata soksi za vigutu na kuosha ndoo. Aliukubali mkataba, akausoma kila neno kabla ya kusaini, na kila ndoo aliyoiosha aliiosha kwa hasira.

Kwa polisi alikwenda mwezi uliofuata. Hakuwaambia watu. Alikwenda saa ya chakula cha mchana, akatoa maelezo, akarudi kazini kabla kengele haijalia.

Siku chache baadaye, akichagua nyanya sokoni, alikutana na mke wa mwalimu mkuu msaidizi wa shule ya mumewe. Mama yule alimshika bega, akamtazama kwa mtazamo wa matangani.

"Pole, mwenzangu. Tumesikia. Ndiyo dunia. Lakini mwalimu amekonda, ukimwona utamwonea huruma. Msamehe tu, ni mume wako."

"Amekutuma uniombe msamaha?"

"Ah, hapana, ni mimi tu nasema."

"Yeye mwenyewe hajaniomba. Hata siku moja. Hata kwa barua, na kuandika anajua." Kipimo aliziweka nyanya kwenye mfuko, akafunga fundo. "Sasa wewe utamwombeaje msamaha ambao mwenyewe hautaki?"

Kipimo alimuaga kwa adabu zote, akamlipa muuzaji, akashika njia ya chumba alichopanga, akitembea haraka, kwa sababu hasira ilikuwa bado inamsukuma mgongoni na hakuona sababu ya kuizuia.